Bango Mbele ya Mahakama: «Inherit the Wind» na Kesi Iliyoizaa

Kuna tamthilia ambazo zimekuwa maarufu mno kiasi kwamba hakuna anayezisoma tena kwa makini. Kila mtu anadai anajua zinasema nini, basi yamekwisha. «Inherit the Wind» ya Wamarekani wawili, Jerome Lawrence na Robert E. Lee, ni mojawapo. Ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Dallas Januari 1955, ikaingia New York Aprili mwaka huo huo na kuchezwa huko mara 806. Mwaka 1960 Stanley Kramer akaifanya filamu. Jina lake limechukuliwa katika Biblia, Mithali 11:29, mstari unaomwonya mtu anayeivuruga nyumba yake mwenyewe.

Ukimwuliza mwanafunzi aliyeisoma, atakujibu bila kusita: ni hadithi ya sayansi kuishinda dini. Hapo ndipo ugomvi wangu na tamthilia hii unapoanzia. Kesi iliyoizaa ilibeba swali lingine, kubwa kuliko hilo: je, serikali ina haki ya kulitumia darasa la umma, na hata chumba cha mahakama, kumsukuma raia upande wa imani fulani? Watunzi wanalijua swali hilo. Wanaligusa kwa ncha ya kidole, halafu wanaliacha, kwa sababu lile la sayansi na dini linachekesha zaidi na linajaza ukumbi.

Huu siyo ugomvi wa kizee wa kulalamika kwamba «historia imepotoshwa». Ni ugomvi wa kisanaa. Nitaonyesha kwamba pale watunzi walipokwepa swali gumu, tamthilia yenyewe ilidhoofika, na kwamba kesi ya kweli ilikuwa na sanaa nyingi kuliko walichokipeleka jukwaani.

Kisa chenyewe

Machi 1925 gavana wa jimbo la Tennessee alitia saini Sheria ya Butler. Sheria hiyo ilimkataza mwalimu yeyote wa shule za umma kufundisha nadharia inayopinga masimulizi ya Biblia ya kuumbwa kwa mtu, na badala yake kufundisha kwamba mtu ametokana na wanyama wa ngazi ya chini. Faini ilikuwa dola 100 hadi 500. Bwana Butler mwenyewe alikuwa mkulima na mbunge wa jimbo.

Chama cha kutetea uhuru wa raia, ACLU, kikatangaza magazetini kwamba kinamtafuta mwalimu atakayekubali kushitakiwa ili sheria hiyo ipimwe mahakamani. Katika mji mdogo wa Dayton, jamaa kadhaa wakakutana kwenye duka la dawa la F. E. Robinson. Waliona fursa: kesi kubwa italeta wageni, wageni wataleta pesa. Wakamwita kijana John Scopes, miaka 24, mwalimu wa sayansi na kocha wa mpira, ambaye alikuwa amemshikia mwalimu wa baiolojia nafasi yake kwa muda. Kitabu kilichotumika shuleni, «A Civic Biology» cha George Hunter, kilikuwa kimeidhinishwa na jimbo lenyewe, tena kiliuzwa humo humo dukani kwa Robinson, na Robinson ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya shule! Sasa niambie, ni mtunzi gani wa vichekesho angethubutu kubuni haya? Kitabu ambacho serikali inamtaka mwalimu akitumie ndicho kitakachomfikisha kizimbani. Na Scopes mwenyewe hakuwa na hakika kama aliwahi kulifundisha somo hilo.

Kesi ikaanza Julai 10, 1925. Upande wa mashtaka alikuwapo William Jennings Bryan, mgombea urais mara tatu (1896, 1900 na 1908) na waziri wa zamani wa mambo ya nje. Upande wa utetezi alikuwapo Clarence Darrow, wakili mashuhuri kuliko wote wa wakati ule, mtu asiyekuwa na dini. Miaka ya nyuma Darrow alikuwa amemuunga mkono Bryan katika siasa. Redio ya WGN ya Chicago ikarusha matangazo moja kwa moja. Mji ukageuka gulio: wauza vitabu, wahubiri wa barabarani, hata sokwe aliyevalishwa suti akaletwa.

Julai 20, kwa sababu ya joto na hofu kwamba sakafu ingebomoka kwa wingi wa watu, kesi ikahamishiwa uwanjani chini ya miti. Hapo Darrow akamwita Bryan atoe ushahidi kama mjuzi wa Biblia, akambana kwa maswali mbele ya umati. Siku ya pili jaji akaufuta ushahidi ule. Darrow akaliomba jopo la raia 12, ambao kwa sheria za huko ndio wanaoamua hatia, wamtie Scopes hatiani ili apate kukata rufani. Ikawachukua kama dakika tisa hivi. Faini dola 100. Siku tano baadaye, Bryan akafariki usingizini, hapo hapo Dayton. Mwaka 1927 mahakama kuu ya Tennessee ikaitengua hukumu kwa kosa la kiufundi: faini ilipangwa na jaji wakati ilitakiwa ipangwe na jopo. Sheria yenyewe ikabaki vitabuni mpaka 1967.

Uzuri wa tamthilia

Tuwape haki yao. Lawrence na Lee ni mafundi. Dayton wameugeuza kuwa Hillsboro, Scopes amekuwa Bertram Cates, Darrow ni Henry Drummond, Bryan ni Matthew Harrison Brady, na mwandishi wa magazeti H. L. Mencken amekuwa E. K. Hornbeck, mwenye ulimi wa wembe. Wamesema wazi katika utangulizi wao kwamba hawaandiki historia. Wanataja wakati wa mchezo kuwa ni kiangazi cha zamani kidogo tu, bila kutaja mwaka, ili mtazamaji asijifiche nyuma ya tarehe. Ilikuwa enzi ya Seneta McCarthy, enzi ya kuwindana kwa ajili ya mawazo, na watunzi walieleza baadaye kwamba kesi ya zamani waliitumia kama kivuli cha kusemea ya wakati wao. Mbinu hiyo tunaifahamu sana huku kwetu.

Msuko wake umebana. Hakuna onyesho linalolegea. Onyesho la Drummond kumhoji Brady limepangwa kama ndondi: mzee mwenye sauti ya radi anaanza akishangiliwa, swali baada ya swali anaishiwa pumzi, mwisho anabaki akiyataja majina ya vitabu vya Biblia kama mtoto aliyepotea. Mwigizaji yeyote mwenye damu mwilini angeitamani nafasi ile. Na lile tendo la mwisho, Drummond akiwa peke yake jukwaani, anaishika Biblia mkono mmoja na kitabu cha Darwin mkono mwingine, anavipima kama anayepima uzito, kisha anavigonga pamoja na kuvitia vyote katika mkoba wake. Hakuna neno hata moja, na ukumbi mzima unaelewa. Waandishi chipukizi, angalieni hapo: tendo moja la mkono linaweza kubeba kilichoshindikana katika kurasa kumi za hotuba.

Kasoro: mpinzani aliyetengenezwa ashindwe

Lakini sasa tuje kwa Brady. Kwa lugha ya wahakiki tungemwita mhusika bapa aliyevalishwa koti la mhusika duara. Anakula kupita kiasi, anapenda makofi, anajiona yu karibu na Mungu kuliko wengine. Anapoanguka tunamhurumia, lakini ni huruma ya kumhurumia mtoto. Hatumwogopi, wala hatulazimiki kufikiri: «Je, kama ana hoja?»

Bryan wa kweli alikuwa nayo. Aliichukia nadharia ya Darwin kwa sababu ya Biblia, ndiyo, lakini pia kwa sababu aliona watu wakubwa wa zama zake wakiitumia kuhalalisha wenye nguvu kuwakanyaga wanyonge, katika vita na katika biashara. Mtu huyu mwaka 1915 alijiuzulu uwaziri kwa kuogopa nchi yake isije ikaingizwa vitani. Na kile kitabu cha Hunter kilichokuwa kikipiganiwa, kifungue uone. Kinagawa binadamu katika jamii tano na kuweka Wazungu juu ya wote. Kinazungumza habari za familia «duni» kana kwamba ni wadudu wa kunyonya, na kuona kwamba ingefaa wazuiwe wasizaane. Hicho ndicho kilichokuwa mikononi mwa watoto. Katika tamthilia hakuna hata harufu ya jambo hilo. Kitabu cha Darwin kinaingia jukwaani kikiwa safi kama kitambaa cha arusi.

Msomaji mwenye ngozi nyeusi aliyeketi Dar au Mombasa hawezi kulipita hili kimya kimya. Wala tusimtakase Bryan. Hakuipinga «Civic Biology» kwa sababu ya kututukana sisi. Mwaka 1924, katika mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic, alisimama kupinga azimio la kuilaani Ku Klux Klan kwa jina. Na shule za Tennessee zenyewe zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, zile za Weupe mbali na zile za Weusi. Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na uchafu. Sasa fikiri tamthilia ambayo ingethubutu kuuonyesha uchafu wote huo! Mtazamaji angetoka ukumbini akiwa hana upande wa kuegemea kirahisi, na hapo ndipo angelazimika kujiuliza swali la kweli: kama kila kundi linaweza kukosea vibaya hivi, ni nani apewe ufunguo wa darasa?

Kuna na wengine walioachwa nje. Dudley Field Malone, wakili wa utetezi aliyewahi kufanya kazi chini ya Bryan katika wizara ya mambo ya nje, ndiye aliyetoa hotuba ambayo Scopes aliiona kuwa bora kuliko zote. Hayumo. Maynard Metcalf, mtaalamu wa wanyama na muumini wa kanisa aliyewahi kufundisha darasa la Biblia, alipanda kizimbani kueleza kwamba Darwin hakumfukuza Mungu wake. Mchezoni wataalamu wanazuiwa mlangoni, na hakuna anayetusimamia hapo kama muumini mtu mzima aliye upande wa utetezi. Badala yake tunapewa Rachel, binti wa mchungaji, anayelia, na baba yake anayelaani. Cates anawekwa rumande, wenyeji wanafoka na kutisha. Scopes hakulala jela hata usiku mmoja, na Darrow mwenyewe alikiri kwamba watu wa Dayton walimpokea kwa wema.

Utasema: tamthilia siyo gazeti, mtunzi ana uhuru. Sawa, nakubaliana nawe. Lakini uhuru wa mtunzi una bei yake. Akimwondoa muumini mwenye akili, amebadilisha swali zima. Swali linakuwa: «Uwe mwerevu au uwe mjinga?» Swali hilo halina mvutano. Nani atachagua ujinga?

Bango

Sasa nije kwenye lile ninaloliona kuwa moyo wa kesi.

Kila asubuhi mahakama ya Dayton ilifunguliwa kwa sala. Jaji John Raulston, alipokuwa akiwaelekeza wazee wa baraza la kuthibitisha mashtaka, aliwasomea sheria ya Butler, na pamoja nayo akawasomea sura ya kwanza ya Mwanzo. Julai 14 Darrow akasimama akapinga zile sala. Hoja yake haikuwa kwamba watu wasisali. Hoja ilikuwa kwamba kesi hii yenyewe inahusu dini, na jopo litakaloamua halipaswi kuandaliwa kwa sala ya upande mmoja. Jaji akakataa kuziondoa. Baada ya utetezi kuwasilisha ombi, akawaachia umoja wa wachungaji wachague watakaosali, na kesho yake akasali mchungaji wa Kiunitari, dhehebu lililokuwa mbali kabisa na imani ya wenyeji wengi.

Halafu lilikuwapo bango. Lilitundikwa kwenye ukuta wa jengo la mahakama, kubwa, wazi kwa watu wote: Someni Biblia Yenu. Kesi ilipohamia uwanjani, bango likawa sasa linawatazama wale wanaojopo usoni. Darrow akaomba liondolewe. Upande wa mashtaka ukaja juu: yaani tumefika mahali Biblia inaonewa haya? Pakawa na mabishano makali. Na jaji yule yule wa sala za asubuhi, yule yule aliyesoma Mwanzo, akaamuru literemshwe.

Naomba usome tena sentensi hiyo. Mtu wa imani, katika mji wa imani, mbele ya majirani zake wa kanisani, anaamuru bango la Biblia liondoke mbele ya mahakama yake. Hakubadili dini. Hakuambiwa na Darrow kwamba hakuna Mungu, na hata kama aliambiwa hakusadiki. Alichokiona kwa dakika ile ni kwamba mahakama ikishaweka bango la upande mmoja, imekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza. Bango halikuwa na kosa lolote lingekuwa mlangoni kwa kanisa. Kosa lilikuwa ni ukuta lilipotundikwa.

Je, tamthilia imelifanya nini bango? Imeliona, naam. Mwanzoni kabisa watu wa Hillsboro wanalitundika kwa shangwe. Baadaye Drummond analipinga, anataka basi na la Darwin litundikwe. Jaji anaona huo ni upuuzi, anamwambia yuko nje ya utaratibu, mahakama inaahirishwa. Watazamaji wanacheka, tunasonga mbele. Mgogoro mzito kuliko yote umegeuzwa mzaha wa kufungia onyesho. Jaji wa tamthilia ni jiwe. Jaji wa kweli alikuwa mtu, akababaika, akakosea mara nyingi, na mara moja akafanya jambo lililomgharimu. Watunzi walikuwa na dhahabu mkononi wakaibadilisha na chenji.

Waliokwenda mahakamani

Labda utasema nalikuza bango. Tazama basi yaliyofuata Marekani baada ya Dayton, uone ni nani waliokwenda mahakamani kudai serikali iiache dini darasani.

Nianze na Mashahidi wa Yehova. Watoto wao walikataa kuisalimu bendera shuleni kwa sababu waliona ni kuabudu sanamu. Mwaka 1940 Mahakama Kuu ya nchi ikawakatalia, majaji wanane kwa mmoja, na Mashahidi wakapigwa na kuchomewa majumba ya ibada sehemu nyingi. Miaka mitatu tu baadaye, Juni 14, 1943, katika kesi ya Barnette kutoka West Virginia, mahakama hiyo hiyo ikajigeuza: hakuna ofisa, mkubwa au mdogo, mwenye mamlaka ya kumlazimisha mtoto atamke anachokiamini. Haki hiyo wanayo leo hata wasioamini chochote, na walioileta ni watu waliokuwa na imani kali kuliko majirani zao.

Mwaka 1962, kesi ya Engel. Wakuu wa elimu wa New York walitunga sala fupi, maneno 22 tu, isemwe kila asubuhi. Sala ya hiari, wakasema, na haitaji dhehebu. Wazazi watano wakashitaki, miongoni mwao wakiwa Wayahudi na Muunitari. Mahakama ikasema siyo kazi ya serikali kuwatungia watu sala. Mwaka 1963, kesi ya Schempp, familia ya Kiunitari ya Pennsylvania ilipinga kusomwa kwa aya kumi za Biblia kila asubuhi shuleni, ikashinda. Mwaka 2000, kesi ya sala katika mechi za mpira za shule huko Santa Fe, Texas: walioshitaki walikuwa familia za Kimormoni na za Kikatoliki.

Umeona? Mlalamikaji siyo Drummond mwenye tabasamu la kejeli. Mara nyingi ni mama au baba anayesali nyumbani kwake, asiyetaka mwalimu wa serikali amsalie mwanawe kwa maneno ya jirani.

Na kwa upande wa mahakama: Roy Moore, jaji mkuu wa Alabama, mwaka 2001 alisimika katika jengo la mahakama jiwe la Amri Kumi lenye uzito wa zaidi ya tani mbili. Akaamriwa na mahakama ya shirikisho aliondoe, akagoma, na mwaka 2003 akavuliwa ujaji. Mwaka 2005 huko Dover, Pennsylvania, bodi ya shule ilipotaka kuingiza mafundisho ya uumbaji kwa jina jipya, aliyewazuia ni Jaji John Jones, Mlutheri, mtu wa chama cha Republican, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush. Huyo ni ndugu wa jaji wa bango.

Usidhani jambo hili limefungwa. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ilikataza Kentucky kutundika Amri Kumi madarasani, kwa tofauti ya kura moja. Mwaka 2022, katika kesi ya kocha Kennedy, mahakama hiyo ikiwa na sura mpya ilimkubalia kocha wa shule ya umma kupiga goti na kusali katikati ya uwanja baada ya mechi, ikisema hiyo ilikuwa ibada yake binafsi. Mwaka 2024 jimbo la Louisiana likapitisha sheria ya kutundika Amri Kumi katika kila darasa la shule za umma, na kesi zikafunguliwa papo hapo. Miongoni mwa walalamikaji wamo wachungaji. Karne moja baada ya Dayton, mzozo ni ule ule: kitu gani kitundikwe ukutani, na ukuta ni wa nani.

Kwa hiyo tamthilia iliyotufundisha kwamba wenye bango ni wapumbavu imetuachia silaha butu. Ukikutana na mtu mwenye akili timamu, mwema, jirani yako aliyekuuguza, naye anataka bango litundikwe, utamwambia nini? Drummond hajakufundisha jibu. Jaji Raulston amekufundisha, katika dakika zake chache za ujasiri.

Na sisi waandishi?

Sisemi tuigize Wamarekani. Ukuta wao na wetu haukujengwa kwa tofali moja. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inaacha uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa. Lakini huku shule nyingi zilizo za umma leo zilianzishwa na misheni, na Kenya kanisa bado ni mfadhili wa shule ya serikali. Ndiyo maana kesi ya shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, ilichanganya vichwa. Ni shule ya umma, mfadhili wake Kanisa la Methodisti, wasichana wa Kiislamu wakitaka kuvaa hijabu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile kwa sababu ya namna dai lilivyofikishwa mahakamani. Hapo yuko mchungaji aliyejenga shule, yuko baba anayemlinda binti yake, yuko mwalimu mkuu anayeogopa vurugu, na yuko msichana mwenyewe anayetaka tu kufaulu mtihani. Hakuna mjinga hata mmoja. Tamthilia hiyo ingekuwa moto, jamani!

Au ingia mahakama yoyote ya Tanzania. Kabla shahidi hajaanza kusema, anaulizwa dini yake ili ijulikane ataapaje au atathibitishaje. Swali la sekunde mbili. Sasa mweke kizimbani mtu asiyekuwa na jibu fupi: aliyebadili dini jana na mama yake hajui, yuko pale ukumbini amekaa mstari wa mbele. Onyesho zima umeshalipata, wala hujaandika hotuba.

Ushauri wangu kwa vijana wenzangu wanaoandika ni huu. Mwenye bango mpe hoja zako bora, siyo zile unazoweza kuzipangua ukiwa umelala. Mpe akili, mpe na sababu ya kupendwa. Kisha mweke jaji mbele yake, jaji anayempenda na kusali naye, halafu umwulize huyo jaji: ukuta huu ni wa nani? Usimjibie. Akinyanyua mkono kuamuru bango literemke, mkono ule utetemeke, na sisi tuliokaa gizani tuuone ukitetemeka.